Frateri na saa ya mkono: moja inatosha



Ndugu wasomaji, saa za zamani zimerudi mikononi mwa vijana. Nazungumzia saa za mishale zisizo na betri, zile ambazo babu zetu walizijaza kila asubuhi, au zilizojijaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Ukipita kwenye mitumba ya Bukoba mjini, au siku ya gulio huko Muleba, unaweza kumkuta kijana ameshika Seiko iliyochubuka kioo. Anaigeuza, anaiweka sikioni, anauliza bei. Baadhi ya vijana hao ni waseminari na mafrateri wetu walio likizoni. Mmoja ananunua moja, mwingine anafikisha nne, na mazungumzo ya bwenini yanahamia kwenye saa.

Wapo walezi wanaoona kwamba hayo ni majivuno yanayoingia kwa mlango wa nyuma. Wapo wanaosema ni mchezo wa vijana usio na madhara. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Naona saa ya zamani ya bei ndogo, inayotengenezeka hapa hapa kwetu, inamfaa sana mseminari, tena kuliko wengi wanavyodhani. Lakini iwe moja. Ya pili inahitaji maelezo, na ya tano ni mzigo. Naomba nieleze kwa nini.

Ndani ya saa kuna nini

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ndani ya saa ya namna hii hakuna umeme. Kuna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliozungushwa ndani ya ngoma ndogo. Ukiijaza saa, kamani inakaza. Inapolegea polepole inasukuma magurudumu ya meno, na mwisho wa msururu huo kuna gurudumu dogo linalokwenda na kurudi bila kuchoka. Hilo ndilo linalopima mwendo. Mlio unaousikia sikioni ni wa kizuizi kinachoachia jino moja baada ya jingine. Katika mashine nyingi za Seiko 5, mapigo hayo ni 21,600 kwa saa moja, yaani 6 kwa sekunde, au 518,400 mchana na usiku. Maneno "17 jewels" au "21 jewels" unayoyaona usoni mwa saa yanahesabu vito vidogo vya rubi vya kutengenezwa kiwandani. Havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Vinashika ncha za magurudumu ili chuma kisisagane na chuma.

Hiyo Seiko 5 ilitoka Japani mwaka 1963, na namba 5 ina maana yake: inajijaza yenyewe, inaonyesha siku na tarehe katika kidirisha kimoja, inastahimili maji kwa kiasi, kitufe chake kimejificha kwenye namba 4, na kasha pamoja na mkanda wake ni imara. Ilikusudiwa mtu wa kawaida mwenye kazi ya kawaida. Baadhi zilitufikia kupitia nchi za Ghuba, ndiyo maana unaweza kukutana na moja inayoandika siku kwa Kiarabu. Kwingineko duniani, wapenzi wa saa za bei nafuu hutafuta pia HMT za India, zilizoanza kutengenezwa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Mojawapo iliitwa Janata, neno lenye maana ya watu wa kawaida. Wengine hutafuta Vostok za Urusi zitokazo mji wa Chistopol.

Kisha ikaja betri. Tarehe 25 Desemba 1969, siku yenyewe ya Noeli, Seiko ilianza kuuza jijini Tokyo saa ya kwanza ya mkono inayoendeshwa kwa kwatzi. Kipande cha kwatzi ndani yake hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na usahihi wake hauwezi kulinganishwa na wa kamani. Mwanzoni ilikuwa ghali mno, lakini baada ya miaka michache bei ikaporomoka. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa karibu 90,000 mwaka 1970, ilibaki na takriban theluthi moja yao katikati ya miaka ya 1980. Leo unaweza kununua saa ya betri gulioni kwa bei ya chakula cha mchana. Ikifa, unaitupa.

Saa ni mtoto wa kengele ya sala

Watu husahau kwamba saa za mashine hazikuanza kama mapambo ya matajiri. Zilipoanza kuonekana Ulaya mwishoni mwa karne ya 13, nyingi zilikuwa monasterini na makanisani. Wamonaki walihitaji kujua wakati wa kuamka usiku kusali, na saa ya maji au kivuli cha jua havikutosha, hasa usiku na wakati wa mawingu. Richard wa Wallingford, abate wa St Albans huko Uingereza katika karne ya 14, alikuwa mwanahisabati aliyebuni saa kubwa ya kuonyesha mwendo wa nyota. Saa ya kanisa kuu la Salisbury, inayosemekana kuwa ya mwaka 1386, haina uso wala mishale. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga kengele.

Padre Matteo Ricci, Mjesuiti, alipoingia Beijing mwaka 1601, miongoni mwa zawadi alizompelekea mfalme Wanli zilikuwamo saa mbili za mashine. Mfalme alizipenda, na wamisionari wakaitwa wawafundishe watumishi wa jumba namna ya kuzitunza. Saa ikafungua mlango ambao mahubiri peke yake yasingeufungua. Ricci hakwenda China kuuza saa wala kuzikusanya. Alijua zilikuwa za nini.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna jambo zuri zaidi la kujivunia hapa. Hesabu yetu ya saa inaanza jua linapochomoza, kama walivyohesabu watu wa Biblia. Mwinjili anaposema giza liliingia saa sita hadi saa tisa, Mzungu anahitaji maelezo chini ya ukurasa. Bibi wa Kamachumu hahitaji. Vivyo hivyo kwa wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Kila mkulima wa kahawa wa Kagera anajua kwamba anayeanza kazi saa kumi na moja jioni hana muda wa kujaza hata kikapu. Ndiyo maana manung'uniko ya wale wa kwanza tunayaelewa haraka, na ukarimu wa yule mwenye shamba unatushangaza haraka pia. Na Sala ya Mchana katika Liturujia ya Vipindi imegawanywa kwa saa hizo hizo: ya tatu, ya sita na ya tisa.

Kwa hiyo mseminari wa Kiafrika Mashariki anapovaa saa ya mishale anafanya kazi ndogo ya tafsiri kila anapoitazama. Mshale uko kwenye 9, yeye anasoma saa tatu. Uko kwenye 3, yeye anasoma saa tisa. Tena kwetu Bukoba kuna la ziada. Tuko magharibi mwa nchi, lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kuchomoza karibu nusu saa kuliko la kwao. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, jua hilo halibadiliki sana mwaka mzima: huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Kanuni ya saa kumi na mbili kuwa mapambazuko, kwetu ni makubaliano ya taifa. Jua lina ratiba yake. Saa ya mkono inatukumbusha kwamba wakati tunaoutumia ni wakati wa kukubaliana, na makubaliano ni ahadi. Nitalirudia neno hilo la ahadi mbele.

Simu inajua saa, lakini inaitoza

Mtu ataniuliza: kwa nini saa, na kila mtu ana simu? Simu inajua saa kwa usahihi kuliko saa yoyote ya kamani. Ni kweli. Lakini tazama kinachotokea frateri anapotoa simu mfukoni ili ajue kama kipindi cha tafakari kimekwisha. Saa ameiona kwa nusu sekunde. Chini ya saa hiyo kuna ujumbe tatu, matokeo ya Simba na Yanga, na picha ya mtu aliyesoma naye kidato cha nne. Alitaka kujua wakati, na simu imemchukulia dakika kumi za wakati huo huo.

Saa ya mishale haina kingine cha kusema. Inajibu swali moja na kunyamaza. Kwa kijana anayejifunza ukimya, na kwa seminari ambazo zinahangaika kila mwaka na kanuni za matumizi ya simu, hilo si jambo dogo. Naamini mlezi anayemruhusu mseminari kuvaa saa anamwondolea kisingizio kimoja cha kutembea na simu.

Hayo yote, nakiri, yanaweza kusemwa pia juu ya saa ya betri ya bei ndogo. Hapo tuwe wakweli. Papa Fransisko, hadi alipofariki Aprili 2025, alionekana mara nyingi akiwa na saa ya plastiki ya kawaida mkononi, na hakuna aliyemwona mpungufu. Mwenye saa kama hiyo, inayofanya kazi, asiiache kwa sababu ya makala hii. Ameshafika ninapotaka kumpeleka.

Basi saa ya kamani ina faida gani zaidi? Inatengenezeka. Hilo tu, lakini ni kubwa.

Fundi saa na utamaduni wa kutupa

Fundi saa ni mtu wa kibanda kidogo: meza, kisanduku cha kioo, bisibisi nyembamba kama sindano, lenzi aliyoibana jichoni, na kikopo cha vipande vya saa zilizokufa. Vibanda vya namna hiyo vinapungua. Wengi waliobaki wanaishi kwa kubadilisha betri na kukata mikanda, na ufundi wenyewe, ule wa kufungua mashine, kuiosha, kuitia tone la mafuta panapostahili na kurekebisha mwendo wake, haupati wanafunzi. Kijana hawezi kujifunza kazi isiyo na wateja.

Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si', mwaka 2015, alizungumza kwa uzito juu ya utamaduni wa kutupa, na alionyesha jinsi unavyogusa vitu na hatimaye kuwagusa watu. Tumeusoma waraka huo darasani. Tumepanda miti. Lakini saa ya betri ya bei ya chini ikisimama, tunaitupa pamoja na betri yake, na ardhi ya migombani inapokea sumu ambayo haikuomba. Saa ya kamani ya mwaka 1975 ikisimama, haijafa. Mara nyingi ni mafuta yaliyokauka, au vumbi, au unyevu. Na unyevu kwetu ni adui wa kweli, kwa sababu Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa liko mlangoni. Fundi akiisafisha na kubadili mpira wa kuzuia maji, saa hiyo inaweza kwenda miaka mingine mitano kabla ya kurudi kwake.

Fedha uliyompa fundi imebaki Bukoba. Imenunua unga na daftari la mtoto wa hapa hapa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa saa za zamani, na haihusiani na urembo wake hata kidogo.

Lakini tunavaa mbele ya nani?

Sasa niwageukie wanaokusanya. Najua utamu wake. Ukishajua tofauti ya mashine moja na nyingine, kila saa unayoiona inakuita. Una ya rangi nyeupe, unataka ya bluu. Una ya mwaka 1978, unataka ya 1969. Bei ni ndogo, kwa hiyo dhamiri haipigi kelele. Na hapo ndipo hatari ilipo: vitu vya bei ndogo ndivyo vinavyoingia bila kubisha hodi.

Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara kama mtawa, na wengine hulitumia hilo kama hati ya ruhusa. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 282, inawataka maklero waishi maisha ya kawaida na kuepa chochote chenye harufu ya majivuno, na inawaelekeza kwamba kinachobaki baada ya mahitaji yao kiende kwa manufaa ya Kanisa na matendo ya huruma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya huduma na maisha ya mapadre, ulikuwa umekwisha kuwaalika kwenye ufukara wa hiari. Na Julai 2013, akizungumza na waseminari na wanovisi jijini Roma, Papa Fransisko alisema inamuumiza kumwona padre au sista mwenye gari la toleo la kisasa kabisa, kisha akawaomba wafikirie watoto wanaokufa kwa njaa.

Mtasema gari si saa. Ni kweli, ila moyo unaozitaka ni mmoja.

Tufikirie wanaotutazama. Seminari zetu, tangu Rubya ilipoanzishwa mwaka 1904 hadi leo, zimeishi kwa sehemu kubwa kwa jasho la waamini. Mama wa jumuiya ndogo ndogo anatoa mkungu wa ndizi. Mzee anatenga sehemu ya mauzo ya kahawa, ambayo bei yake yeye hapangi. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanatoa sarafu. Hawa hawajui kwamba saa yako ya nne uliipata kwa bei ya chini mno. Wanachoona ni kwamba Jumapili iliyopita ulivaa ya kahawia na Jumapili hii umevaa ya fedha. Huwezi kusimama mimbarini na kueleza historia ya bei. Na hata ungeweza, swali lao lingebaki: hizo nyingine zinafanya nini sandukuni?

Ukitaka kupima kama umeanza kupotea, jiulize haya. Je, unaweza kumpa mwenzako asiye na saa mojawapo ya zako bila kuchagua ile mbovu? Je, ulipoiona saa ya mgeni aliyekuja seminarini ulimsalimia yeye kwanza, au macho yalitangulia mkononi? Je, katika adorasyo umewahi kujikuta unahesabu vito vya rubi? Anayeweza kujibu bila kutahayari yuko salama.

Kuhusu majina makubwa sitasema mengi. Saa bandia zenye majina ya Uswisi ziko kila soko, na mvaaji anajidanganya kabla ya kumdanganya mwingine. Sisi wa jirani na Mutukula, rolex tunayoifahamu vizuri ni chapati iliyokunjiwa mayai, na hiyo angalau inashibisha.

Saa hii ilitoka kwa nani?

Lipo jambo jingine ambalo katika Kagera hatuwezi kuliruka. Saa ya zamani ina wenyewe waliotangulia. Mkoa wetu ulipitiwa na vita. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na mali za watu wa kaskazini mwa Mto Kagera ziliporwa, ng'ombe, mashine na vyombo vya nyumbani. Mwaka uliofuata vita vilihamia upande wa pili, na huko nako mali zilipotea mikononi mwa watu. Saa ni kitu kidogo, chepesi kuvuliwa mkononi na chepesi kufichwa. Katika miaka ile ilikuwa pia mali ya thamani, kwa maana bidhaa dukani zilikuwa adimu.

Simtuhumu mzee yeyote, na wala sisemi kila saa ya mwaka 1978 ina damu. Nasema mnunuzi Mkristo anapaswa kuuliza. Saa ikiwa na jina limechongwa nyuma, au tarehe ya harusi, au namba ya jeshi, hilo jina ni la mtu. Ukiambiwa habari inayokutia shaka, irudishe mezani na uondoke. Na hata bila vita, saa nyingi za gulioni zimetoka kwenye kabati la marehemu kabla ndugu hawajakaa kikao. Bei ndogo isitufanye tuwe wapokeaji wa kilichochukuliwa. Amri ya saba haina kipengele cha vitu vya zamani.

Kwa anayetaka kununua

Nisimalize bila kumsaidia yule ambaye hana saa na anataka moja. Iweke sikioni: mlio uwe wa mfululizo, usiokwama. Zungusha kitufe uone kama mishale inakwenda kwa ulaini. Mwombe fundi, si muuzaji, afungue mgongo uone kama ndani kuna kutu. Uso wa saa ukiwa unang'aa kama mpya kwenye kasha lililochakaa, huenda umepakwa rangi upya. Hilo si dhambi, lakini usilipie bei ya kitu halisi. Saa za kabla ya miaka ya 1960 ambazo namba zake zilipakwa dawa ya kung'aa gizani huenda zina radiamu, madini yenye mionzi. Usiifungue wala kuikwaruza mwenyewe, na kama huna uhakika, iache.

Usitegemee ikupe usahihi wa simu. Ikipoteza au kuongeza sekunde 20 kwa siku, kwa mashine ya umri wa baba yako hiyo ni kazi nzuri, na utairekebisha Jumapili asubuhi. Ivue unapopasua kuni au kulima kwenye kazi za mikono, maana mshtuko wa jembe ni mkubwa kwa gurudumu dogo kiasi kile. Ivue pia ukienda kuoga ziwani, hata kama mgongo wake umeandikwa inastahimili maji. Maandishi hayo yalikuwa kweli mpira wake ulipokuwa mpya.

Na ukishaipata, acha kutafuta.

Neno kwa waamini

Kwenu wazazi na wanajumuiya: msimu wa daraja unapokaribia, mnachanga na kununua zawadi. Mara nyingi mnataka padre mpya apate saa, na mnanunua ile inayong'aa kuliko zote dukani. Nawaomba jambo moja. Kabla ya kwenda dukani, fungueni kabati la babu. Huenda iko saa pale, imesimama tangu alipozikwa. Ipelekeni kwa fundi, aisafishe na kuiwekea mkanda mpya. Kilichobaki katika mchango mnunulieni padre vitabu, au mpeni mtoto wa jirani ada. Padre atakayevaa saa ya babu yake kigangoni hatahitaji kueleza historia ya bei. Watu watamwuliza ni ya nani, naye atawatajia jina la mtu aliyewahi kuketi nao kanisani.

Kwenu mlio walei na mnapenda kukusanya, siwawekei sheria ya mseminari. Mwenye kazi yake na familia iliyoshiba anaweza kuwa na saa sita na kuwa Mkristo mwema. Mnapoendelea, mtafuteni kijana mmoja mwenye mikono tulivu, mmpeleke kwa fundi mzee akajifunze, mkimlipia. Mkusanyo wenu utakuwa umefanya kazi ambayo sanduku haliwezi kufanya.

Ahadi

Nilisema nitarudi kwenye neno ahadi. Tangazo la Misa likisema saa mbili, kuna mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri, akawasha moto, akawavalisha watoto, akashuka kilima kimoja na kupanda kingine kwa miguu hadi kigangoni. Hana saa. Amekisia kwa jogoo na kwa mwanga, na amefika saa mbili kasoro robo. Katekista ameanzisha nyimbo. Nyimbo zimekwisha, rozari imekwisha, na padre anaingia na pikipiki saa tatu na nusu.

Wahenga walisema wakati ni ukuta. Ila wakati wa mwanamke yule ni kitu alichotupa akituamini, kama alivyotupa mkungu wa ndizi, na hatuwezi kumrudishia. Kwa hiyo ninapomwona frateri amevaa saa, sitaki kujua ni ya mwaka gani wala ina vito vingapi. Nataka kujua kama alifika kabla ya kengele. Anayeitwa saa mbili akaja saa tatu na nusu, hata akiwa na Seiko nzuri kuliko zote za Kagera, mkononi hana saa. Amevaa bangili.